Mibonyeo Mia Moja Ishirini na Tisa

Jumanne, 4 Machi

Masomo manne leo. Wa kwanza yule muuguzi. Mtihani wa leseni ni tarehe 20 na hii ni mara yake ya tatu. Kwenye mzunguko ameupanda ukingo wa barabara kana kwamba anapanda ngazi za kwao. Nimekanyaga breki yangu ya mwalimu mpaka goti likalia. Nikamuuliza macho yake yalikuwa wapi. Akasema yalikuwa kwenye kioo cha pembeni, kama nilivyomfundisha. Sasa hapo utamjibu nini?

Balbu ya breki ya kushoto imebadilishwa. Kilomita 148,212.

Ripoti za wanafunzi nimeanza saa kumi na moja. Katikati ya ripoti ya muuguzi, Sponji huyo mlangoni. Anaomba banda la gari kwa Alhamisi, ana makochi ya mteja, gundi bado mbichi, hayatakiwi kupigwa jua wala vumbi. Nikamwambia haya, haya, aniache nimalize. Mdogo wangu huyu! Hana shida mpaka anione nimeshika kalamu.

Muuguzi: klachi nzuri, mzunguko mbaya, moyo anao.

Alhamisi, 6 Machi

Gari langu limeuawa. Sina neno jingine.

Niandike kwa mpangilio.

Alhamisi sifundishi barabarani. Ni siku ya darasani, alama za barabarani, naenda kwa miguu na gari linabaki nyumbani chini ya paa. Saa tisa kasoro dakika kumi mbingu ikageuka rangi ya kidonda. Kisha mvua ya mawe. Si yale mawe ya kuyeyukia kiganjani — haya yalikuwa na ukubwa wa ndimu, mengine yana pembe. Paa la bati likanguruma, wanafunzi wakaziba masikio. Dakika kumi na nne kwa saa yangu. Magari mawili ya shule yaliyokuwa uani tukayaona yakipigwa. Na mimi, kwa kinywa changu, nikawaambia wanafunzi kwamba mwenye akili hulaza gari chini ya paa. Wakacheka. Nikacheka nao!

Nimefika nyumbani saa kumi na nusu. Gari liko katikati ya ua. Katikati! Kioo cha mbele kimekuwa utando wa buibui, cha nyuma hakipo kabisa, kimemwagika kwenye kiti kama chumvi. Paa limechimbika kama lililokanyagwa na kundi la mbuzi wenye viatu. Na bandani mwangu, chini ya paa langu — makochi matatu ya zambarau, yamefunikwa shuka, makavu kama biskuti.

Alichukua ufunguo kwenye msumari wa jikoni, akalitoa gari, akaingiza makochi ya watu. Bila hata kuniuliza.

Nimemwita. Amekuja na sindano yake ya kushonea bado iko mdomoni. Akaanza kusema, "Dada, Jumanne nilipokuja —" nikamkata. Nikamwambia asinitajie Jumanne, anitajie leo. Akachukua ufagio akaanza kufagia vioo. Nikamnyang'anya ufagio.

Miaka kumi na moja nimeajiriwa kwa sababu ya gari hili. Pedali mbili za mwalimu nilifungiwa na fundi aliyekuja kutoka mbali. Bila gari mimi ni nani pale shuleni? Ni mama wa kuchora pembetatu ubaoni.

Ndiye yule yule aliyeivunja redio ya baba. Mtu habadiliki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka nikachukua chaki. Kila mbonyeo nimeuzungushia duara, kisha nimeuhesabu, kisha nimehesabu tena kuanzia upande wa pili. Hesabu zimelingana:

paa 61, boneti 38, buti 17, ubavu wa kulia 9, ubavu wa kushoto 4. Jumla 129.

Nimechora gari kwenye ukurasa unaofuata, likitazamwa kutoka juu, na kila mbonyeo mahali pake. Mikubwa kuliko kisoda nimeitia weusi. Sponji alisimama pembeni akauliza kama anaweza kunishikia chaki. Nikaitia chaki mfukoni. Gari limejaa maduara meupe utadhani lina ugonjwa wa kuambukiza.

Saa nne kwa wakala wa bima. Binti wa pale ana kucha ndefu, anaandika kama anayeogopa kumwamsha mtu. Bima yangu ni ile nafuu, kwa sababu nilijaza kwamba gari hulala bandani. Fomu ina swali: lilikuwa chini ya paa? Hapana. Nani alilitoa? Machaguo ni mawili. Mwenye gari, au mtu mwingine kwa ruhusa yake — hapo mvua ya mawe hailipwi. Mtu mwingine bila ruhusa — hapo inalipwa, lakini huyo mtu aandike na kusaini.

Nimetia alama kwenye la pili, kwa nguvu, mpaka kalamu ikatoboa.

Karatasi ya kusaini nimempelekea Sponji kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Alikuwa amelalia tumbo juu ya kochi akipigilia misumari. Akaisoma. Akaisoma tena, na yeye si mtu wa kusoma. Akauliza, "Dada, una hakika?"

Una hakika! Mtu kanivunjia gari halafu ananiuliza kama nina hakika! Nikamwambia asaini au nimtafute mwenyekiti wa mtaa. Akasaini. Kidole chake cha gundi kimeacha alama kwenye pembe ya karatasi. Hata karatasi safi hawezi kunirudishia.

Jumapili, 9 Machi

Wifi, mke wa Sponji, ananisalimia kwa salamu ya kupimwa kwa kijiko. Leo tumekutana bombani. Nikamwambia mume wake angekuwa na adabu ya kuomba tu, yasingetokea. Akakinga maji ndoo ya kwanza. Akakinga ya pili. Alipojitwisha ndipo akasema, kama anayezungumza na bomba, kwamba nyani haoni kundule.

Sijui anamsema nani. Kama ni mimi, aje anieleze. Nimekaa nayo siku nzima kama kipande cha kokwa kooni.

Sponji ameziba dirisha la nyuma kwa plastiki ya makochi na utepe. Ameziba vizuri, pembe zimekunjwa. Hainipunguzii kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa shule amenipokea kwa tabasamu, hapo nikajua kuna jambo. Mkataba unasema gari la kufundishia lisiwe na ufa kwenye kioo wala bodi iliyobonyea. Nimemwambia naujua mkataba, niliusoma kabla yake. Basi akasema kama gari halitakuwa sawa kufikia mtihani wa tarehe 20, wanafunzi wangu wote watano watahamia kwa mwalimu wa miwani ya jua, na baada ya hapo "tutatazama". Magari ya shule mawili yameshapelekwa gereji. La kwangu ni mali yangu, kwa hiyo ni mzigo wangu.

Miwani ya Jua! Anafundisha kurudi nyuma kwa kutazama simu. Muuguzi wangu kwa huyo ataua mtu.

Muuguzi mwenyewe amenisubiri getini. Kasema yeye hahami, atangoja. Nikamkemea, nikamwambia asiwe mjinga, zahanati yao inamtaka na leseni mkononi. Akasema, "Mwalimu, mimi nimezoea kungojea wagonjwa." Nikaondoka upesi, maana sipendi kulilia getini.

Mkaguzi wa bima anakuja Jumatano saa tatu. Bila ukaguzi hakuna malipo, bila malipo hakuna vioo.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nimesimama. Nikikaa nitavunja kiti.

Nimerudi saa saba kutoka darasani. Gari halipo. Saa nane na nusu linaingia getini, Sponji kwenye usukani, uso unang'aa kama wa mtoto aliyeshinda zawadi. Paa limenyooshwa. Boneti imenyooshwa. Buti pia. Kote huko kumepakwa puti ya kijivu, ile rojo ya kuzibia mabonde, viraka viraka, kama mgonjwa aliyepakwa dawa ya upele. Kampelekea rafiki yake fundi bodi, asubuhi nzima wamegonga nyundo. Atamlipa kwa kumshonea viti, kasema. Alitaka nikiamka kesho mkaguzi akute gari la heshima.

Gari la heshima!

Mkaguzi anakuja kukagua nini? Atakagua puti? Kila mwenye bima anajua gari haliguswi kabla ya mkaguzi. Kila mtu isipokuwa mdogo wangu, ambaye mgeni akija kutazama kochi bovu, yeye kwanza hulifunika kitambaa kizuri.

Nimesema maneno. Nayaandika ili nisijidanganye baadaye. Nimemwambia tangu azaliwe kazi yake ni kunirudisha nyuma. Nimemwambia baba alikufa bila kusikiliza taarifa ya habari kwa sababu yake. Wifi alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Akasema taratibu, "Mwambie, baba watoto. Mwambie Jumanne ile." Sponji akamwambia, "Ingia ndani." Hakupandisha sauti. Kisha akaniambia mimi, "Samahani, Dada," akaenda kunawa puti mikononi.

Jumanne ile! Wana nini na Jumanne watu hawa?

Mibonyeo iliyobaki: ubavu wa kulia 9, wa kushoto 4. Kumi na tatu.

Jumatano, 12 Machi

Mkaguzi amefika saa tatu na dakika mbili. Mtu mwembamba, shingo ndefu kama ya jogoo aliyesikia kitu, kalamu tatu mfukoni, zote zina vifuniko. Akalizunguka gari mara mbili. Akagonga paa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akauliza kama tunamfanyia mzaha.

Nimemweleza. Akasema pole, lakini yeye analipia anachokiona, na anachokiona ni vioo viwili na mibonyeo kumi na tatu. Puti anaweza kupaka mtu yeyote, siku yoyote, juu ya kutu yoyote. Na gari lililofichwa kwa puti kabla ya ukaguzi, ofisi yake hulikataa lote, pamoja na vioo.

Hapo nikaingia ndani nikamletea daftari hili. Nilimfungulia Ijumaa tarehe 7 nikashikilia kurasa nyingine kwa kidole. Akatazama mchoro. Akatoa miwani. Akaenda ubavuni, akahesabu tisa, akaenda upande wa pili, akahesabu nne, kila mmoja mahali nilipouchora. Akafunua puti kidogo kwa kisu pale nilipotia weusi karibu na antena. Mbonyeo ulikuwepo chini yake.

Kisha akasema, "Mwalimu, laiti wateja wangu wote wangekuwa wewe."

Sina haya kuandika kwamba nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ile, mtu ameona kwamba ninafanya mambo kwa utaratibu! Akauliza kama naandika kila siku. Nikasema kila siku yenye kitu. Akauliza kama kurasa zina namba. Nikamwonyesha, nimezipiga mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza. Akasema basi hilo linatosha kuwa ushahidi. Ijumaa saa tatu atapita kulichukua, daftari lote, likiwa zima, wenzake ofisini waone maandishi ya kabla ya mvua na ya baada yake, wajue halikutungwa kwa siku moja. Watalisoma, watalirudisha. Nikasema vizuri sana. Nikamsindikiza mpaka getini!

Sponji alikuwa amejificha nyuma ya makochi yake. Nimempita kama nguzo.

(Ile ya shingo ya jogoo itabidi niifute.)

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna darasa, bati la shule linatengenezwa. Haya naandika kwenye karatasi za pembeni, daftari sasa ni la mkaguzi. Asubuhi nimekaa na daftari kuandaa kwa ajili ya mkaguzi. Nimepitia kurasa moja moja, kuona kama kuna la aibu. Shingo ya jogoo nimeipiga mistari. La mkuu wa shule nimeliacha, ni kweli tupu.

Nikafika ukurasa wa 57.

Mwandiko ni wangu. Wino ni ule wa buluu ulioisha Jumatano ya kabla ya mvua. "Anaomba banda la gari kwa Alhamisi." "Nikamwambia haya, haya."

Nimeusoma nikasimama. Nikaenda jikoni nikanywa maji. Nikarudi, maneno bado yapo.

Aliomba. Alikuja mlangoni akaomba kama mtu na adabu zake, akataja siku, akataja sababu, na mimi nikamtupia haya kama anayemtupia kuku punje. Na siku ile ya mvua alianza kunikumbusha, nikamkata. Na ile karatasi! Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika. Akasaini uongo wangu kwa jina lake.

Kwa nini hakusema? Kwa nini hakunipigia kelele? Angenipigia kelele mimi ningejua la kufanya, nimezoea kelele. Nina hasira naye kuliko jana. Mtu mzima, ana mke, ana mtoto, anakubali kuitwa mwizi wa banda kwenye karatasi ya bima! Nina hasira na binti wa kucha na fomu yake ya machaguo mawili. Nina hasira na mvua. Nimezunguka ua mara sita nikitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkuta wifi anaanika nguo. Akanitazama. Nadhani aliona kuwa nimeshajua, maana alinipa pegi nishike.

Nimemshikia pegi.

Niandike wazi: mkaguzi akisoma ukurasa wa 57, bima hailipi. Vioo hakuna, tarehe 20 hakuna, gari linabaki kiraka. Na mimi ndiye niliyetia alama ya uongo kwenye fomu, ingawa sikujua. Asiposoma, inalipwa, na Sponji anabaki kwenye faili lao kama mtu wa kuchukua vitu vya watu bila ruhusa. Yeye anayeingia majumbani mwa watu kuchukua makochi!

Na redio. Niandike na hilo, maadamu ni siku ya kuandika. Baba alipouliza nani kaivunja, mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili na Sponji saba. Ilikuwa juu ya kabati. Kabati mtoto wa miaka saba halifikii.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili na dakika arobaini. Mkaguzi saa tatu.

Nimekaa mezani na wembe wa kuchongea penseli. Nimeupima ukurasa wa 57. Nyuma yake ni 58, na 58 ndipo inapoanza siku ya mvua: saa, dakika kumi na nne, ukubwa wa mawe. Nikiukata huu nakata na ule. Na namba zitaruka. Mtu aliyehesabu mibonyeo kwa macho yake hashindwi kuhesabu kurasa. Mimi mwenyewe nilimwonyesha namba, nikitabasamu!

Kufuta haifai. Kupiga mistari haifai, shingo ya jogoo bado inasomeka.

Saa mbili na dakika hamsini. Sponji ameingia bila kubisha, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ana kopo la gundi na brashi. Ametazama wembe, ametazama ukurasa. Sikumwambia mtu. Wifi, bila shaka, na pegi zake.

Nikamwambia nimeona, aliniomba, nilimjibu haya. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, mazuri, hayakutoka.

Akasema, "Najua, Dada. Nilikuwepo."

Akasogeza wembe pembeni kwa ncha ya brashi. Akasema mkato unaonekana, hata kwenye kitambaa kizito unaonekana, lakini gundi ikimwagika ni ajali tu, kurasa mbili, 56 na 57, zinashikana na namba zinabaki. Kesho hata yeye hawezi kuzibandua.

"Utasema ni mimi. Kama redio."

Amesema hivyo kama anayetaja kipimo cha kochi. Hakuna hasira humo. Nimeitafuta usoni kwake, nimeitafuta sana, ningeipata ningemshukuru.

Honi getini. Saa tatu kasoro dakika moja — mtu wa utaratibu. Namsikia wifi akifungua, akimwambia mgeni akae kivulini kidogo, dada na mdogo wake wana mazungumzo. Namsikia akimwonyesha kochi la kukalia. La zambarau.

Kopo limefunguliwa. Harufu imejaa chumba. Sponji ameshika brashi juu ya 57, ananitazama mimi, hatazami karatasi. Nimemwambia aweke chini. Hajaweka. Anajua mimi hulisema jambo mara mbili ninapolimaanisha, na anangoja mara ya pili, na mara ya pili bado sijasema.